Mkono Uliopaka 215

Sikuwa na hati ya kiwanja. Sikuwa na bomba la maji, wala dirisha linalofunguka, wala choo cha kuingia bila kupanga foleni na ndoo mkononi. Sikuwa na mtoto wa kunishika mkono uzeeni. Pensheni sikuwa nayo, kwa kuwa mtu anayeandika vibao vya maduka hana mwajiri wa kumkumbuka rangi ikishakauka. Shule ya mchana sikuiona. Meno matatu ya juu hayapo. Na siku ninayotaka kuisimulia leo, ujasiri nao haukuwepo.

Nilichokuwa nacho ni mkono. Herufi zangu zilisimama wima juu ya maduka ya dawa, ubavuni mwa malori, kwenye milango ya mawakili. Cheti changu cha shule ya usiku, nilichokipata nikiwa na miaka hamsini na mitatu, kilining'inia ukutani ndani ya fremu niliyoiunda mwenyewe. Mtaani waliniita Profesa. Wengine walinitania, lakini wote waliniletea barua zao niwaandikie, nami nilivimba kichwa kwa utani wao na kwa heshima yao vilevile.

Mkono huo ndio ulioniponza.

Kwa aliyefungia sabuni gazeti la wiki jana kabla hajafika ukurasa huu, nitarudia kwa ufupi. Mtaa wetu wa mabati ulipangiwa kuvunjwa, na ng'ambo ya reli yakajengwa maghorofa ya kutuhamishia. Vijana wa ofisi ya mradi huo walipita na makopo ya rangi nyekundu wakaandika namba kila mlango. Mwenye namba ndiye mwenye nyumba mpya. Yangu ilikuwa 214. Ya jirani yangu, fundi cherehani, mjane anayeishi na mjukuu wake wa kike, ilikuwa 215.

Namba zile ziliandikwa ovyo. Zilichuruzika kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nilivumilia siku tisa. Ya kumi nikachukua msasa, nikazisugua zote mbili, yangu na ya jirani, nikaziandika upya kwa rangi nyeusi yenye kivuli cha buluu upande wa kulia. Watu walisimama kuzitazama.

Wiki jana niliishia hapo, na nilisimulia kana kwamba jirani yangu aliniomba. Hakuniomba. Alinikataza.

"Shemeji, cha ofisi usikiguse," aliniambia. Ananiita shemeji kwa kuwa yeye na mke wangu wamekuwa kama dada wa tumbo moja tangu tulipohamia pale. "Kama wao wameridhika na ubaya wao, mimi ni nani?"

Nikamjibu kwamba mlango ni uso wa nyumba, na kwamba mwanamke anayeshona magauni ya maharusi hawezi kukaa na uso wenye makamasi. Akacheka, akarudi kwenye cherehani yake. Kicheko chake nikakichukua kuwa ruhusa.

Mke wangu hakuwepo. Alikuwa amelazwa hospitali kwa ajili ya kifua, kitanda cha pili kutoka dirishani, na daktari alikuwa ameniita pembeni kunieleza kwamba mama huyu akirudi kulala kwenye unyevu na moshi, asilaumiwe mtu. Msomaji alikumbuke neno hilo. Mimi nililikumbuka kupita kiasi.

Wiki mbili baada ya kazi yangu nzuri, tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa mabafu. Kama kawaida niliitwa kulisoma, na kama kawaida nililisoma kwa sauti ya redioni. Lilisema wapo watu wajanja walioandika namba kwenye mabanda na mastoo ili wapate nyumba wasizostahili. Kwa hiyo wakaguzi watapita kesho asubuhi, na namba itakayotambuliwa ni ile nyekundu iliyoandikwa na ofisi. Yeyote atakayebainika kughushi au kubadilisha namba atafutwa kwenye orodha.

Kwenye neno "kubadilisha" sauti ya redioni ikakatika. Bibi mmoja aliyeziba sikio kwa pamba akaniomba nirudie. Sikurudia. Nilisema miwani imeingia ukungu.

Asubuhi ya pili nilikuwa nje kabla jua halijafika kwenye mabati. Nilipata rangi nyekundu chini ya kopo la zamani, nikailegeza kwa tapentaini. Nikasugua kazi yangu mlangoni na kuanza kuandika 214 vibaya.

Ndugu msomaji, usidhani ni jambo jepesi. Miaka arobaini nimewafokea wanafunzi wangu wa brashi wasiache rangi ichuruzike. Asubuhi ile niliilazimisha ichuruzike, nikaipuliza kwa mdomo ishuke vizuri. Ile nne niliipinda mguu. Nilipomaliza, hata kijana aliyeiandika mwanzo angeapa kwamba ni yake.

Nikageukia mlango wa jirani. Ndani cherehani ilikuwa inakanyagwa. Kwenye kopo mlikuwa na rangi ya kutosha. Kona ya uchochoro, wakaguzi walikuwa wamesimama kwenye mlango wa 209.

Milango mitano. Nimeipima mara nyingi tangu siku ile, na kila nikiipima napata jibu hilohilo: muda ulikuwepo. Uchafu wa kazi ile ungenichukua dakika nne. Ila nilimwona mkaguzi mkuu akiinua uso, nikaona kama ananitazama mimi na brashi yangu. Nikasukuma kopo nyuma ya pipa la maji, nikafuta mikono kwenye suruali, nikasimama mlangoni kwangu kama mtu anayeota jua.

Mkaguzi huyo tulimpa jina la Kalamu Mbili. Mfukoni mwa shati alichomeka kalamu ya buluu na kalamu nyekundu. Ya buluu ilikuwa ya kukubali.

Alifika kwangu, akagusa mlango, akatazama daftari.

"Mia mbili na kumi na nne. Watu wawili, mume na mke. Safi, mzee wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kazi mbaya kusifiwa. Kalamu ya buluu ikapita.

Kisha akaenda mlango wa pili, akasimama. Akarudi nyuma hatua moja, kama wafanyavyo watu wanaotaka kuona kibao kizima. Kwa sekunde moja ya upumbavu nilidhani anaipenda.

Kumbe 215 alikuwa ameshaiona. Mwuza mkaa wa kona ya nyuma, baada ya kuona kwamba 215 nyekundu haipo tena mtaani, aliiandika kwenye stoo yake ya magunia. Akaapa mbele ya wakaguzi kwamba analala humo yeye na mdogo wake. Daftari halikuwa na majina, lilikuwa na namba na idadi ya watu. Watu wawili hapa, watu wawili kule. Namba moja, milango miwili, na ya stoo ndiyo iliyokuwa nyekundu na yenye kuchuruzika.

Kalamu Mbili akanigeukia. Hakuniuliza kwa ukali. Laiti angefoka.

"Mzee wangu, wewe ni jirani. Hii nani kaiandika?"

Ndani, cherehani ikanyamaza.

Nikaona kitanda cha pili kutoka dirishani. Nikaona na tangazo, na neno lililonikwama. Nikasema, "Sijui."

Fundi cherehani alitoka na sindano imechomekwa kifuani mwa blauzi, uzi unaning'inia. Akaulizwa swali lilelile. Alinitazama usoni, kisha akatazama mkono wangu wa kulia, ukucha wa kidole gumba, ambako rangi nyekundu ilikuwa haijatoka.

"Na mimi sijui," akasema.

Kalamu nyekundu ikapita daftarini. Kijana mmoja akachovya brashi, akapiga msalaba juu ya 215 yangu, kutoka pembe hadi pembe. Rangi ikachuruzika.

*

Mke wangu aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya nne. Alikuta mlango wetu una namba ileile aliyoiacha, na wa jirani una msalaba. Akaniuliza kulikoni. Nilimwambia mwuza mkaa kaiba namba ya dada yake. Maneno hayo yalikuwa kweli nusu, na nusu ya pili niliitafuna. Akamlaani mwuza mkaa mpaka kikohozi kikamkatiza.

Juma lililofuata tukapewa ufunguo.

Ghorofa ya tatu, vyumba viwili, sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Mke wangu alifungua bomba, akalifunga, akalifungua tena. Alifanya hivyo mara nne, kama mtoto. Alifungua dirisha akabaki hapo akivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze nilimsikia akiivuta mpaka mwisho bila kukohoa.

Kisha akaweka sikio ukutani.

"Kimya," akasema. "Baba, cherehani haisikiki. Dada yangu watampa ghorofa ya ngapi?"

Nikasema mambo yake yanashughulikiwa.

"Waambie wampe mlango huu wa pili. Wewe unajua kusema nao."

Ufunguo aliuvaa shingoni. Uzi wa kuuvalia alisukiwa na nani? Na huyohuyo. Fundi cherehani alimsukia kwa nyuzi tatu zilizobaki kwenye gauni la harusi la mtu, nyekundu, nyeupe na ya dhahabu, akamfunga fundo mwenyewe huku akimtania kwamba sasa amekuwa bibi wa ghorofani, atasahau kusema na watu wa chini.

Nilikuwepo. Nilikuwa nasoma gazeti, na gazeti lilikuwa juu chini.

*

Tangazo la mwisho lilisema tingatinga litaingia Alhamisi. Mwenye malalamiko aandike barua na kuitia kwenye sanduku la ofisi, chini ya maghorofa, kabla ya saa sita mchana Jumatano.

Jumatano asubuhi, tukiwa bado hatujahama na mke wangu akiwa kwenye bomba la mtaa, fundi cherehani akabisha hodi. Alikuwa na karatasi mbili safi na bahasha. Alikaa kwenye kigoda, akavuta sketi ikafunika magoti.

"Nimekuja kama wengine, shemeji. Niandikie."

Nikavaa miwani. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote, kwa heshima na taadhima, na kichwa cha habari chenye mstari chini yake. Akaniwekea kiganja juu ya karatasi.

"Usinivalishe tai. Andika ninavyosema." Akasubiri nigeuze karatasi. "Andika kwamba mimi nimekaa kwenye mlango ule miaka kumi na tisa. Kwamba mjukuu wangu amezaliwa mle. Andika kwamba namba ya ofisi ilisuguliwa ikaandikwa nyingine, na aliyeiandika simjui."

Kalamu ikasimama.

"Shemeji," nikasema. "Unamjua."

"Namjua. Ukuta ni bati. Nilikusikia ukisugua mlango wangu ile mara ya kwanza, nikakusikia ukisugua wa kwako ile mara ya pili. Nikangoja usikike na kwangu. Nilikanyaga cherehani taratibu ili nisikie vizuri. Ukasema 'sijui'. Hiyo nayo nilisikia."

Mimi, Profesa, ambaye hata mazishini huombwa niseme machache, nilipata swali moja tu.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja, wangewafuta na nyinyi. Halafu dada yangu alale wapi na kifua kile? Nilifikiri haraka. Wewe ulifikiri haraka, na mimi nikafikiri haraka." Akaondoa uzi uliong'ang'ania sketi yake, akauzungushia kidoleni. "Usidhani sina hasira. Nina hasira ya kukuchoma kwa pasi. Ulisema mlango ni uso wa nyumba. Haya, uso wangu nao umepigwa msalaba, na kesho unasagwa. Lakini mimi bado nina miguu ya kukanyaga cherehani, popote itakapowekwa. Yeye hana mapafu mengine. Andika."

Nikaandika. Neno "simjui" niliandika kwa herufi nzuri kuliko yote, kwa sababu mkono wangu haujui kuandika vinginevyo. Akatia kidole gumba. Akaniomba niipeleke mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na gauni la kumaliza kabla vyombo havijafungwa.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Lile shati lako la kupokelea cheti, nililokugeuzia kola, bado unalo?"

Nikasema ninalo.

"Kola ile ilikuwa imeisha kabisa. Niliigeuza upande wa ndani ukaja nje, na hakuna aliyejua ila mimi na wewe." Akatoka. Baada ya muda cherehani ikaanza upande wa pili wa bati.

Niliisoma barua yake mara mbili. Haikuwa na nguvu. Kalamu Mbili angeuliza tena nani aliyeandika, na barua ingemjibu tena kwamba hajulikani, na stoo ya mkaa ingebaki na namba yake nyekundu.

Nikachukua karatasi ya pili.

Barua nimeandika maelfu, na zote, nakiri, zilikuwa na maneno mengi kuliko haja. Hii ilikuwa fupi. Nilisema namba 215 nyeusi yenye kivuli cha buluu niliiandika mimi, baada ya kuisugua ya ofisi, na mwenye nyumba alinikataza. Nilisema namba 214 mliyoisifu niliiandika mimi pia, asubuhi ya ukaguzi, na kopo liko nyuma ya pipa la maji, nendeni mkalione. Nilisema mlango wa 215 ukisuguliwa taratibu chini ya komeo, mahali ambapo msasa wangu haukufika vizuri, utaonyesha mkia wa tano nyekundu ya ofisi. Nilisema mliponiuliza nilijua. Nikatia sahihi jina langu zima, bila nakshi.

Barua ya fundi cherehani nikaichana vipande vinne, nikavitia mfukoni. Ya kwangu nikaikunja mara tatu, nikaiingiza kwenye bahasha yake. Juu ya bahasha nikaandika: Malalamiko, Mlango 215.

Nilikuwa bado nimeishika mke wangu alipoingia na ndoo nusu.

Hapa msomaji atanichukia, na ni haki yake. Nilikuwa nimeazimia kumwambia. Nilikuwa na sentensi ya kwanza tayari mdomoni. Akatua ndoo, akafuta mikono kwenye kanga, akaitazama bahasha.

Mke wangu hajui kusoma. Nilirudi na cheti mwaka ule nikamwahidi kwamba zamu yake imefika, kila jioni saa moja. Zamu hiyo haijafika hadi leo, kwa sababu kila jioni palikuwa na mtu wa kuandikiwa barua, na mtu huyo alinisifu. Lakini namba amejifunza mwenyewe, kwa kutazama milango.

"Mbili, moja, tano," akasoma, kidole chini ya kila tarakimu. Akafurahi. "Ya dada yangu. Umemwandikia vizuri?"

"Nimeandika kweli tupu."

"Basi atapata."

Akanyoosha mkono. Barua zangu huzifunga yeye. Tangu zamani alisema kwamba kwa kuwa hawezi kuziandika, atazilamba, ili naye awe na sehemu yake. Akainamia meza. Ufunguo ukaning'inia kwenye uzi wake wa rangi tatu, ukagonga ubao, tik, tik, wakati ulimi ukipita kwenye gundi. Akaikandamiza bahasha kwa ngumi, kutoka pembe hadi pembe.

"Nakwenda kusugua sakafu kule kabla ya kuhamisha vitu," akasema. "Sanduku liko njiani. Nipe mimi, wewe magoti yanakusumbua."

Nilisema, "Mke wangu."

"Nini?"

Upande wa pili wa bati, cherehani ikanyamaza.

"Angalia reli," nikasema.

Alitoka na barua mkono mmoja na brashi ya kusugulia mkono wa pili. Nilimfuata kwa mbali mpaka kwenye tuta la reli, na hapo nikasimama, nikijiambia ni magoti. Nilimwona akisimama kabla ya reli, akitazama kulia na kushoto kama nilivyomwambia. Nilimwona akifika kwenye sanduku. Aliitumbukiza, kisha akalipigapiga sanduku kwa kiganja mara mbili, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Kalamu Mbili alikuwa amesimama pale na funguo za sanduku mkononi, akitazama saa yake. Mke wangu akamwamkia. Naye akainama kidogo kumjibu, akafungua sanduku, akaanza kutoa bahasha moja moja.

Niliinua macho. Dirisha letu la ghorofa ya tatu likafunguka. Mke wangu akatoa mkono nje, akakung'uta tambara, akavuta pumzi mpaka mwisho.